Mwongozo kamili wa kuchagua mashine ya CPAP na barakoa inayokukaa

Aliyegundua ugonjwa wa baba ni mama, gizani, kwa kuhesabu. Baba akikoroma, mama alilala. Baba akinyamaza, mama aliamka. Kimya kile kilifika hesabu ya ishirini, mara nyingine thelathini, kisha baba anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, anageuka ubavu na kuanza upya. Asubuhi hakumbuki chochote. Anasema kichwa kinamgonga, na saa nne anasinzia kitini akiwa bado ameshika kikombe cha chai. Huyu ni mtu aliyeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini, na hadi leo sipendi kufikiria ni mara ngapi usingizi ule ulimpitia akiwa kwenye usukani.

Ugonjwa huo ni wa pumzi kukatika usingizini (sleep apnea), na tiba yake ni CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi. Tulinunua mashine kabla ya kujua tunanunua nini. Baba mdogo anayeishi Marekani alituma iliyotumika. Barakoa tukainunua mjini kwa muuzaji ambaye hakumpima mzee uso. Aliangalia umbo lake tu, akatoa kubwa kuliko zote. Wiki tatu hewa ilimpuliza machoni, mkanda ukamchubua pua, na mashine ikaishia juu ya kabati. Ilichukua miezi kadhaa kumshawishi ajaribu tena, na safari hiyo tulianzia pale tulipopaswa kuanzia: usoni. Kama utakumbuka jambo moja tu katika yote haya, likumbuke hili: mashine nyingi nzuri zinafanana, lakini barakoa ndiyo inayoamua kama mgonjwa ataitumia au ataiacha.

Hatua ya kwanza: kipimo, si kukisia

Kukoroma peke yake hakutoshi kukununulisha mashine. Nenda hospitali ukiwa na dalili kama hizi: kukoroma kwa sauti kunakokatizwa na kimya, kuamka umekabwa au koo limekauka, kichwa kuuma asubuhi, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, kusinzia mchana, au presha isiyoshuka licha ya dawa. Uzito mkubwa, umri wa kupita miaka 50 na shingo yenye mzunguko wa zaidi ya sentimita 40 hivi huongeza uwezekano. Lakini usijitoe kwenye hesabu kwa sababu wewe ni mwembamba. Taya dogo, mafindofindo makubwa au pua iliyoziba vinaweza kufunga njia ya hewa ya mtu yeyote. Wanawake pia huchelewa kugunduliwa, kwa sababu wengi wao hulalamikia uchovu na kukosa usingizi kuliko kukoroma.

Muone daktari wa masikio, pua na koo, au wa mapafu, katika hospitali ya rufaa, umuulize kuhusu kipimo cha usingizi. Kiko cha kulala hospitalini ukiwa umeunganishwa nyaya nyingi, na kiko chepesi unachokwenda nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, kamrija ka puani na kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Kwa wengi hiki cha nyumbani kinatosha. Usiku huo usipake rangi ya kucha, na kama una hina au piko, chagua kidole kisicho nacho.

Kuhusu kifaa hicho cha kidoleni kuna jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua. Kinapima kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo kama ripoti inasema uko salama na mwenzako bado anahesabu kimya usiku, rudi umwambie daktari hivyo hivyo na uombe kipimo cha hospitalini.

Kwenye ripoti tafuta herufi AHI. Hiyo ni idadi ya mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua sana katika saa moja, kila mara kwa angalau sekunde 10. Chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 ni hafifu, kuanzia 15 ni wastani, na 30 au zaidi ni kali. Baba alipata 41, yaani pumzi ilikuwa ikikwama kila baada ya dakika moja na nusu, usiku kucha, kwa miaka ambayo hakuna anayejua ni mingapi.

Ripoti pia itasema ni ukatikaji wa aina gani. Ulio wa kawaida ni wa koo kulegea na kujiziba, na huo ndio CPAP inaotibu vizuri. Upo mwingine ambao koo liko wazi lakini ubongo unachelewa kutoa amri ya kupumua. Huo huonekana hasa kwa wenye moyo uliodhoofika au wanaotumia dawa kali za maumivu, na matibabu yake ni tofauti. Aliyewahi kupasuka pafu, au kufanyiwa upasuaji wa kichwa au uso siku za karibuni, amwambie daktari kabla ya kuvaa chochote kinachosukuma hewa. Omba nakala ya ripoti na uitunze; utaihitaji dukani, uwanja wa ndege na kwa kila daktari mpya.

Mashine hii si ya oksijeni

Tangu wakati wa korona, watu wengi wameifahamu mashine ya oksijeni, na wapo wanaoinunua kwa ajili ya mtu anayekabwa usingizini. Haitamsaidia kama koo limefungwa, maana oksijeni haina pa kupita. CPAP inavuta hewa ya kawaida ya chumbani, inaichuja na kuisukuma kwa nguvu ndogo isiyokoma, kiasi cha kulishikilia koo lisijikunje. Alianza nayo Colin Sullivan, daktari wa Sydney, Australia, aliyeripoti matokeo ya wagonjwa watano katika jarida la The Lancet mwaka 1981. Misingi yake haijabadilika hadi leo: feni, mpira mrefu wa kupitishia hewa na kitu cha kufunika pua.

Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Mashine za kawaida huanzia 4 hadi 20, na wengi hutibika mahali fulani kati ya 7 na 13. Namba yako haikisiwi na muuzaji wala haiazimwi kwa jirani.

Hatua ya pili: barakoa

Hapa tutakaa kidogo.

Aina kuu ni tatu. Ya kwanza ina vipande viwili vidogo laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Ni nyepesi kuliko zote, haigusi uso, inamfaa mwenye ndevu, mvaa miwani anayesoma kabla ya kulala, na mtu anayehisi kubanwa akifunikwa uso. Udhaifu wake ni kwamba msukumo ukiwa mkubwa hewa hupiga puani moja kwa moja na kukausha. Ya pili inafunika pua tu. Ipo inayokaa juu ya mwanzi wa pua, pale miwani inapokaa, na ipo inayokaa chini ya pua kama kikombe kidogo. Ya tatu inafunika pua na mdomo.

Wauzaji wengi hukimbilia hiyo ya tatu, hasa kwa mwanamume mwenye mwili. Wanasema anapumua kwa mdomo. Nakushauri uanze na ya pua isipokuwa daktari amekwambia vinginevyo. Barakoa kubwa ina ukingo mrefu zaidi wa kuvujisha hewa, mara nyingi huhitaji msukumo mkubwa zaidi kutoa matokeo yale yale, na wanaopewa hiyo huelekea kuitumia kwa saa pungufu kila usiku. Watu wengi wanaopumua kwa mdomo hufanya hivyo kwa sababu koo limeziba. Likifunguka, mdomo unajifunga wenyewe baada ya siku kadhaa. Baba alikuwa mmoja wao. Kama pua imeziba kwa mafua ya mzio au mfupa uliopinda, tibu pua kwanza. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyoandaliwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au dawa ya kupulizia utakayoandikiwa, kunaweza kukuepusha na barakoa kubwa. Nayo barakoa inayofunika mdomo haimfai mtu anayetapika mara kwa mara au asiyeweza kuivua mwenyewe kwa mikono yake.

Sasa saizi. Usikubali kuchaguliwa kwa kuangaliwa umbo. Mtu mkubwa anaweza kuwa na pua ndogo. Kwa barakoa ya pua, pima upana wa pua pale chini, kutoka pembe ya tundu moja hadi ya jingine, kwa rula, ukiwa na uso wa kawaida bila kutabasamu. Kwa ile ya pua na mdomo inayopanda juu, pima kutoka kwenye mwanzi wa pua hadi chini kidogo ya mdomo wa chini, mdomo ukiwa wazi kidogo, kwa sababu usiku taya linashuka. Kampuni nyingi zina karatasi ya vipimo kwenye tovuti zao. Hakikisha imechapwa kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, la sivyo unapima kwa rula ya uongo.

Barakoa nyingi za zamani zilichongwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Kwenye uso wenye mwanzi wa pua ulio chini, zile zinazokaa juu huacha nafasi pembeni, na hewa inakwenda machoni. Watu hujibu kwa kukaza mikanda, na hapo ndipo mchubuko unapoanza. Kwenye ngozi yetu mchubuko huo unaacha doa jeusi ambalo linaweza kukaa miezi. Dawa yake si kukaza, ni kubadilisha umbo. Jaribu zinazokaa chini ya pua, na uulize kuhusu saizi pana. Kampuni ya ResMed, kwa mfano, ina barakoa za AirFit N30i na F30i ambazo pamoja na ndogo na ya kati zina pia saizi ndogo-pana na pana. Baba alikwama kwenye saizi kubwa ya muuzaji wetu wa kwanza. Iliyomkaa ilikuwa ndogo-pana. Uvujaji wa machoni uliisha usiku ule ule.

Kujaribu barakoa ukiwa umesimama dukani hakuna maana. Fanya hivi. Nawa uso kwanza, maana mafuta ya kujipaka huifanya silikoni iteleze na baadaye kuiharibu. Vaa mikanda ikiwa imelegea. Lala chali, kisha ubavu, kama unavyolala nyumbani. Washa mashine kwenye msukumo wako wa tiba, si ule mdogo wa mwanzo. Ivute barakoa mbele kidogo kutoka usoni, iachie ijae hewa na ijikalie yenyewe. Ndipo kaza mikanda taratibu, pande zote mbili kwa pamoja, uishie pale uvujaji unapokoma. Kidole kinapaswa kupita chini ya mkanda. Muuzaji asiyekuruhusu kulala na kujaribu, au kurudisha barakoa isiyokukaa ndani ya wiki chache, anakuuzia bahati nasibu; ni afadhali uagize kwa yule anayeuza pakiti yenye mito (ile sehemu laini inayogusa uso) ya saizi zote ndani.

Kuna vijitundu kwenye barakoa vinavyotoa hewa muda wote. Huo si uvujaji, ndiyo njia ya hewa chafu kutoka. Usizibe kwa plasta, na shuka lisifunike.

Wenye nywele zilizosukwa wana kazi ya ziada. Mkanda unaopita juu ya rasta au yebo hupanda na kuteleza. Kinachosaidia ni kusuka au kufunga nywele ili fundo lisikae pale mkanda wa nyuma unapopita, na kutumia kilemba cha pamba badala ya satini, ambayo hutelezesha kila kitu. Barakoa zenye mpira unaotokea utosini zinawasumbua zaidi wenye fundo juu. Zile zenye mpira mbele ya pua zinawafaa.

Jambo la mwisho kuhusu barakoa, nalo halina mzaha: baadhi zina sumaku kwenye vifungo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, vibanio vya chuma vilivyowekwa ndani ya kichwa kwa upasuaji au chuma kingine mwilini kinachoathiriwa na sumaku, yeye au anayelala karibu naye, atafute isiyo na sumaku. Tahadhari za watengenezaji zinataka sumaku hizo ziwe mbali na vifaa kama hivyo kwa angalau sentimita 15, na kitandani umbali huo hauna mlinzi.

Hatua ya tatu: mashine

Hapa uchaguzi ni mwepesi zaidi. Ipo inayotoa msukumo mmoja usiobadilika, ipo inayojirekebisha yenyewe kati ya kiwango cha chini na cha juu ulichoandikiwa, na ipo yenye misukumo miwili, mkubwa wa kuvuta pumzi na mdogo wa kutoa. Hiyo ya misukumo miwili ni ya wanaohitaji nguvu kubwa au wenye matatizo mengine ya kupumua. Usiinunue kwa sababu tu imeandikwa bei ya juu. Kwa watu wengi ninapendekeza inayojirekebisha. Huku kwetu, ambako kurudi hospitali kupangiwa msukumo upya si jambo la wiki moja, mashine inayoweza kupanda mtu akilala chali na kushuka akilala ubavu inaokoa safari nyingi. Na inayojirekebisha inaweza kufungwa kwenye msukumo mmoja daktari akitaka.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya. Iwe inarekodi matokeo ya kila usiku: AHI, uvujaji na saa za matumizi, na iwe na memori kadi au njia nyingine ya kumpa daktari taarifa hizo. Mashine isiyorekodi ni sawa na kumeza dawa ya presha bila kupima presha. Iwe inaanza na msukumo mdogo na kupanda polepole wakati unatafuta usingizi, na iwe inapunguza msukumo kidogo unapotoa pumzi. Mkazi wa Nairobi, Mbeya au Arusha aangalie pia kwenye kijitabu mwinuko ambao mashine inafanya kazi sawasawa; nyingi za sasa hujirekebisha, na AirSense 10 ya ResMed kwa mfano imepangiwa hadi mita 2,591, ambayo inatosha miji hiyo yote.

Majina utakayokutana nayo sana ni ResMed, Fisher & Paykel, Löwenstein, na BMC ya China, ambayo aghalabu ni nafuu. Swali la kwanza kwangu si jina bali vipuri: chujio, tangi la maji na mpira wake vinapatikana wapi, na kwa muda gani? Barakoa nyingi huingia kwenye mashine ya kampuni nyingine kwa sababu mdomo wa mpira una kipimo kimoja cha milimita 22. Matangi ya maji na mipira yenye waya wa joto haiingiliani. Zile ndogo za safari zinaweza kudai barakoa zake maalumu, kwa hiyo usiifanye mashine yako ya kwanza na ya pekee.

Kuhusu zilizotumika

Wengi wetu tunazipata kwa ndugu walioko Ulaya, Marekani au Ghuba, na hakuna aibu katika hilo. Ila mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zake zirudishwe, kwa sababu sponji ya kupunguza sauti ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na chembe zake kuweza kuvutwa na mgonjwa. Zilizoguswa ni pamoja na DreamStation za kizazi cha kwanza na System One zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021. Nyingine kati ya hizo bado zinazunguka kwenye masoko ya mitumba. Muombe ndugu yako apige picha ya namba iliyo chini ya mashine na kuikagua kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kulipia mzigo. Ile ya baba mdogo ilikuwa miongoni mwao, hatukuitumia tena.

Muombe pia akuangalizie jumla ya saa ilizofanya kazi, iwashwe kwenye video usikie sauti yake, na ufungue sehemu ya chujio: harufu ya sigara haitoki. Barakoa, mpira na tangi nunua vipya. Mpangilio wa msukumo wa mwenye zamani ufutwe na daktari wako aandike wako.

Hatua ya nne: umeme

Chaja nyingi zinakubali umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo mashine ya Marekani haihitaji transfoma, inahitaji plagi ya kufaa. Soma maandishi ya chaja yenyewe kuthibitisha. Ipitishe kwenye stebilaiza kama umeme wa mtaani kwenu hupanda na kushuka.

Swali ambalo mama aliuliza mara ya kwanza: umeme ukikatika usiku si atakosa hewa? Hapana. Barakoa ya pua na mdomo ina kivalivu kinachofunguka msukumo ukisimama, na mwenye ya pua hupumua kwa mdomo au huamka na kuivua. Hasara ni kwamba saa hizo analala bila tiba.

Suluhisho ni betri, na hesabu yake ni rahisi ukijua kwamba kinachokula umeme ni joto, si feni. Mashine kwenye msukumo wa 10, tangi la maji likiwa limezimwa, hutumia kwa makadirio wati 10. Kwa saa nane ni wati-saa 80. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina takriban wati-saa 600, na ya maji au jeli usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 300: usiku mitatu hivi ya mgao, kwa usalama. Washa joto la tangi na mpira, na betri hiyo hiyo inaweza kukufikisha asubuhi moja kwa shida. Usiku wa betri, zima joto. Angalia pia volti ya mashine yako: AirSense hutaka 24, hivyo unahitaji kigeuzi cha kutoka 12 kwenda 24 kilichotengenezwa kwa ajili yake, ambacho kinapoteza umeme mdogo kuliko kupitia inveta. Ukitumia inveta, iwe ile ya wimbi safi (pure sine wave).

Maji, unyevu na usafi

Tangi la maji ni la kuzuia pua kukauka. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, usiku wa feni na madirisha wazi, hewa ina unyevu wa kutosha na wengine hawalihitaji kabisa. Ukilala na kiyoyozi utalihitaji. Mbeya mwezi wa Juni ni hadithi nyingine: chumba kikiwa baridi, hewa yenye joto inapoa njiani na kugeuka maji ndani ya mpira, mgonjwa anaamka na matone puani. Punguza kiwango cha unyevu, pitisha mpira chini ya blanketi, au nunua mpira wenye waya wa joto. Mashine ikae chini kuliko kichwa ili maji yakitiririka yarudi kwenye tangi.

Maji yaliyotoneshwa ndiyo bora, kwa kuwa hayaachi magadi. Usichukue kwa kuamini jina tu chupa ya maji ya betri. Soma lebo, maana dukani hukaa jirani na asidi. Yakikosekana, tumia ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, uyamwage kila asubuhi. Maji ya kisima ya chumvi yataweka ukoko mweupe ndani ya tangi kwa siku chache tu. Ukoko huo hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza sana.

Kila asubuhi futa au osha mto wa barakoa kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato. Mara moja kwa wiki osha mpira, mikanda na tangi kwa maji vuguvugu, anika kivulini. Usitumie Jik wala spiriti. Vifaa vya kusafisha kwa ozoni vinavyotangazwa mtandaoni viache. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2020.

Chujio likaguliwe kila wiki kwenye mitaa ya vumbi. Na hili halimo kwenye kijitabu chochote nilichosoma: mashine inavuta kila kilichomo chumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, ubani, moshi wa jiko la mkaa, dawa ya kupulizia mende, vyote vinapita kwenye feni na kuingia mapafuni mwa mgonjwa. Fukiza mapema, fungua madirisha, na tegemea chandarua. Mpira unapita chini yake bila shida.

Wiki za kwanza

Usimvalishe mtu barakoa usiku wa kwanza na kuzima taa. Avae mchana akiwa macho, mashine ikiwa imezimwa, akisikiliza redio. Kesho yake iwashwe kwa dakika kumi. Kisha alale nayo usingizi wa mchana. Ndipo usiku. Akiivua saa nane bila kujua, airudishe atakapozinduka, bila kulaumiwa. Bima nyingi za Marekani huhesabu kuwa mtu anatumia mashine akiivaa kwa muda wa saa nne au zaidi, katika usiku 70 kati ya kila 100. Hicho ni kizingiti cha kuanzia, na faida inaongezeka kadiri saa zinavyoongezeka.

Kila asubuhi soma namba mbili. AHI iwe chini ya 5. Uvujaji, kwa mashine za ResMed, usizidi lita 24 kwa dakika kwa muda mrefu. Uvujaji ukiwa juu, rekebisha barakoa kabla ya kugusa chochote kingine, kwa kuwa mashine inayovuja haiwezi kupima sawasawa. Uvujaji ukiwa mdogo na AHI bado iko juu, usipandishe msukumo mwenyewe. Peleka kadi kwa daktari. Mwenye kompyuta anaweza kutazama usiku mzima kwa programu ya bure iitwayo OSCAR, inayosoma kadi za mashine nyingi, na kwenda kliniki na maswali yenye maana. Tumbo kujaa gesi asubuhi, damu puani, macho mekundu: vyote vina marekebisho, vitaje.

Pombe jioni hulegeza koo na kuharibu kazi ya usiku mzima. Uzito ukipungua au kuongezeka kwa kiasi kikubwa, pima upya. Ukisafiri kwa ndege, beba mashine mkononi pamoja na nakala ya ripoti, tangi likiwa tupu na kavu.

Mto wa barakoa ubadilishwe unapoanza kulegea na kung'aa, kwa kawaida baada ya miezi michache. Tunanunua miwili kwa pamoja, mmoja unakaa kwenye droo ya mama, karibu na tochi. AHI ya baba jana ilikuwa 2.6. Mama bado anaamka usiku mara moja moja, anasikiliza ile feni, halafu anarudi kulala.